Tajiri, laza gari sili ibadilishwe

Pita asubuhi na mapema kwenye maegesho ya malori pale Igoma, au Buzuruga, au kwenye gereji za Nyakato hapa Mwanza, kisha uiname kidogo kama mtu aliyedondosha funguo. Utaona makopo. Kopo la rangi lililokatwa nusu, ndoo ya mafuta ya kula iliyopasuka mdomo, galoni la lita tano lililochanwa ubavuni. Kila kopo limetegwa chini ya lori, usawa wa tumbo la difu, na ndani yake mna oili nyeusi, nzito, inayonuka kiberiti. Utingo akiamka hulivuta, huchungulia, huichuja oili ile kwa kitambaa, kisha huimimina irudi ilikotoka. Dereva anawasha gari. Safari inaendelea.

Nimeliona jambo hili kwa muda mrefu, na kinachonishangaza ni kwamba hakuna anayelishangaa. Kopo limekuwa kifaa cha gari, limekaa pamoja na jeki na spana ya tairi.

Msimamo wangu ni huu: lori linalovuja difu mwezi wa pili sasa halina tatizo la ufundi. Sili zipo madukani. Mafundi wapo, tena Mwanza wapo wazuri. Kinachokosekana ni siku moja ya gari kulala, na siku hiyo anayeweza kuitoa ni mmoja tu: tajiri, kama tunavyomwita mwenye gari hata akiwa hana kitu mfukoni. Asipoitoa yeye, italipwa na watu wengine kabisa, na wengi wao hawajui hata difu ni nini.

Kilichopo puani mwa difu

Kwa asiyelala chini ya magari, nieleze kwa ufupi. Nguvu ya injini ikitoka kwenye gia boksi hupita kwenye propela, lile bomba refu linalozunguka chini ya chesisi, hadi kwenye difu, lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Propela inapoingia difu inakutana na shafti fupi yenye meno, pinioni. Pinioni inasukuma gurudumu kubwa la meno, krauni, na krauni ndiyo inayougeuza mzunguko uende kwenye tairi za kulia na kushoto. Meno ya krauni na pinioni hayasukumani tu, yanateleza moja juu ya jingine yakiwa yamebeba uzito wote wa mzigo. Ndiyo maana difu haitaki oili ya injini. Inataka oili yake nzito yenye viungo vya salfa, na harufu ile ya kiberiti hutokea humo.

Sasa pinioni inazunguka, na nyumba ya difu imesimama. Katikati yao lazima pawepo kitu cha kuizuia oili isitoke na vumbi lisiingie. Kitu hicho ni sili: pete ya bati iliyovishwa mpira, yenye mdomo mwembamba unaoigusa flenji, kile kichwa cha pinioni kinachofungwa propela, inapozunguka, na nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba ya duara inayoubana mdomo usilegee. Hivyo tu. Unaweza kuiweka kwenye kiganja na kufunga mkono.

Mpira huzeeka. Joto huukausha, vumbi huukwangua, na malori yetu mengi yalishafanya kazi Japani miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Sili kuchoka si aibu ya mtu. Aibu inaanza pale inapojulikana kuwa imechoka na jibu likawa kopo.

Bandu bandu

Utetezi wa kwanza wa tajiri ni kwamba inavuja kidogo. Basi tufanye hesabu ya darasa la tano. Matone ishirini hivi ni mililita moja. Difu inayodondosha tone moja kila sekunde gari likiwa linatembea, kwa saa moja imetoa matone 3,600, yaani mililita 180. Lori lililopakia kutoka Mwanza kwenda Singida halitumii chini ya saa nane. Zidisha: lita moja na nusu, kasoro kidogo, imebaki lami. Na bado Dodoma, bado Morogoro, bado Dar es Salaam yenyewe. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili halionekani likipungua kwa sababu limo ndani ya chuma. Kwenye dashibodi kuna taa ya oili ya injini. Ya difu malori yetu mengi hayana.

Ya kwanza kuumia ni beringi ya mbele ya pinioni. Imekaa juu, mbali na dimbwi la oili, na hutegemea oili inayorushwa na krauni inapozunguka. Oili ikishuka, hairushwi ya kutosha. Beringi inapata moto, inaliwa, inaanza kucheza. Ikicheza, pinioni nayo inayumba, na pinioni ikiyumba inautanua mdomo wa sili, kwa hiyo oili inatoka zaidi. Meno ya pinioni hayakutani tena na ya krauni mahali pake. Hapo dereva anaanza kukwambia kuwa difu inalia. Kwanza inalia ukiwa mwendo mkubwa tu, baadaye inalia muda wote, halafu siku moja inanyamaza kwa kishindo.

Hapo tajiri anajifunza jambo ambalo kila muuza spea anajua: krauni na pinioni ni jozi. Zimesagwa pamoja kiwandani na zinatakiwa kufungwa pamoja, huwezi kwenda dukani ukaomba pinioni peke yake kwa kuwa ndiyo iliyokatika. Sili bei yake ni ya maelfu ya shilingi. Jozi ya krauni na pinioni ya lori, hata ikiwa ya mtumba, huhesabiwa kwa mamilioni. Ongeza beringi zote, oili mpya, nauli ya fundi kwenda porini na siku za gari kusimama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo, lakini anayejenga ukuta angalau anapata ukuta. Huyu anarudi palepale alipokuwa kabla sili haijachoka.

Na hilo ni kama mambo yameishia kwenye fedha. Dereva anayeshuka mteremko wa Sekenke na mzigo hategemei breki peke yake, anatumia gia kulishika gari, maana breki zikikanyagwa mteremko mzima zitaungua. Nguvu ya injini inayolishika gari hupita kwenye pinioni ileile. Ikikatika katikati ya mteremko, dereva amebaki na pedali ya breki na sala. Ikijifunga badala ya kukatika, tairi za nyuma zinagoma kuzunguka na lori linakwenda linakotaka. Nani atakayeandika kwenye taarifa ya ajali kwamba chanzo ni kipande cha mpira? Itaandikwa mwendo kasi. Itaandikwa uzembe wa dereva.

Nisichanganye mambo: sili ya pinioni ikivuja haitii oili kwenye breki. Inayolowesha lainingi ni sili ya habu, kule kwenye tairi. Ila kwa uzoefu wa kutembea gereji, mwenye gari anayeishi na moja mara nyingi anaishi na zote mbili.

Fundi akipewa nusu saa

Mafundi wetu wamesemwa vibaya mno, na katika hili nawatetea, ingawa si wote. Fundi anayeambiwa na tajiri kwenye simu kwamba nusu saa ijayo gari liwe barabarani atafanya kazi ya nusu saa. Atachomoa sili ya zamani, ataikata springi yake ifupike ili mdomo ubane zaidi, ataipaka silikoni pembeni na kuirudisha. Au ataacha sili kama ilivyo, atamwaga oili namba 90 na kutia 140 iliyo nzito zaidi, pengine na grisi juu yake, ili uvujaji uende polepole. Gari litaondoka likiwa kavu. Litafika Shinyanga likiwa limelowa. Na tajiri atasema mafundi wa siku hizi ni waongo.

Kazi yenyewe inavyotakiwa kwenda ni hivi, na naieleza kwa urefu ili mwenye gari ajue analipia nini.

Lori liwe mahali tambarare, tairi ziwekewe mawe, na mawe Mwanza hatuna shida nayo. Kabla ya kugusa sili, fundi apande juu ya ekseli atafute kitundu cha kupumulia. Difu ikipata moto hewa ya ndani hutanuka, na kazi ya kitundu kile ni kuitoa. Kwenye barabara zetu za vumbi na matope huziba. Kikiziba, hewa hutafuta njia nyingine, na njia nyepesi kuliko zote ni mdomo wa sili. Ndiyo sababu unamsikia dereva akilalamika kwamba sili mpya kabisa imevuja wiki ileile. Sili haikuwa na kosa. Difu ilikosa pa kupumulia.

Kisha propela na flenji vitiwe alama ili virudi vilivyokuwa, propela ishushwe. Sasa fundi aishike flenji kwa mikono miwili aitikise, juu na chini, kulia na kushoto. Ikicheza, beringi imekwisha, na kuweka sili mpya juu ya beringi mbovu ni kutupa fedha. Hapa ndipo fundi mkweli hupiga simu kwa tajiri, na hapa ndipo matajiri wengi hukata simu.

Ikiwa haichezi, ifuate nati ya pinioni. Nati hii si ya kufungua na kukaza tu. Magari madogo mengi, na baadhi ya malori mepesi, yana spesa ndani inayojikunja nati inapokazwa, na ule mkunjo ndio unaopanga ubano wa beringi. Ukikaza kupita kiasi beringi zinaungua, ukikaza pungufu pinioni inacheza. Malori makubwa huwa na spesa ngumu na shimu, na nati yake hukazwa kwa nguvu kubwa iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa vyovyote vile fundi anahitaji toki renchi na kipimo sahihi. Bomba refu lililochomekwa kwenye spana, na vijana wawili wanaoning'inia mpaka nati ilie, si kipimo.

Flenji itoke kwa pula, nyundo ikae pembeni. Ikitoka ifutwe, na fundi apitishe ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama kwenye kamfereji, basi miaka ya vumbi imekula chuma, na sili mpya itavuja kwa sababu haina pa kushika. Dawa ni kuivika flenji bati jembamba la duara lililotengenezwa kwa kazi hiyo, au kutafuta flenji nyingine. Nimewaona mafundi wazuri wakifanya kipimo hiki cha ukucha bila hata kutazama, huku wakiongea habari za Simba na Yanga.

Dukani hakuna haja ya kubahatisha. Usoni mwa sili nyingi zimechapwa namba tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, na upana, vyote kwa milimita. Nyingine zina mshale unaoonyesha shafti inazungukia wapi, na ukiifunga ya upande mwingine itakuwa inaisukuma oili nje badala ya kuirudisha ndani. Ya bei ya chini kuliko zote ina sababu ya kuwa hivyo. Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa bandia nchini, spea zikiwemo, kwa hiyo boksi zuri peke yake lisikudanganye.

Sili mpya ipakwe oili mdomoni na kuingizwa kwa bomba lenye kipenyo chake, isukumwe pande zote kwa pamoja. Ikigongwa upande mmoja kwa nyundo, springi hudondoka kwa ndani na hutajua mpaka uvujaji uanze. Mwisho, oili ijazwe mpaka ifike kwenye ukingo wa tundu la kujazia, isizidi.

Kazi hiyo, kwa fundi anayejiheshimu, inachukua nusu siku au zaidi kidogo. Mlipe nusu siku.

Wanaolipa

Mazungumzo haya kila mtu wa malori anayajua.

"Shikamoo bosi. Difu inatema oili."

"Marahaba. Sana au kidogo?"

"Imelowesha mpaka propela."

"Ongeza oili, peleka kwanza huo mzigo. Ukirudi tutaangalia."

Ukirudi kuna mzigo mwingine. Ndivyo mwezi wa kwanza unavyozaa wa pili.

Dereva hana la kufanya. Akikataa kuondoka, pale Igoma kuna madereva wengine wanaosubiri kazi. Akikubali, oili ya kuongeza njiani mara nyingi inatoka kwenye posho yake. Kwa hiyo uchakavu wa gari la tajiri unalipiwa kwa chakula cha watoto wa dereva kule Buhongwa, chupa moja baada ya nyingine, na hakuna daftari linaloandika.

Difu ikifa njiani, tazama msururu unaofuata. Dereva na utingo wanakata matawi ya miti na kuyalaza barabarani, mbele na nyuma ya gari, ili wengine wajue kuna lori limekufa. Usiku unaingia. Wanalala chini ya turubai wakilinda mzigo, siku mbili, tatu, hadi fundi afike na spea kutoka mjini. Fedha ya kula inaisha siku ya pili. Gari likishapona wanaondoka kwa furaha, na mara nyingi mno matawi yanabaki palepale, pamoja na mawe yaliyozuia tairi. Mwendesha bodaboda anayepita saa tatu usiku bila taa ya maana hakuambiwa lolote kuhusu sili ya mtu.

Na mzigo je? Soko la Mwaloni pale Kirumba ndiko dagaa wa visiwani wanakofikishwa, na kutoka hapo magunia yanasambaa hadi Dar es Salaam na hadi Kongo. Mwenye dagaa mara nyingi ni mama aliyekusanya mtaji kwa vikoba, akanunua magunia yake machache na kuyachanganya na ya wenzake kwenye lori moja. Dagaa mkavu anavumilia mengi, ila havumilii maji. Lori likilala siku tatu mvua ya masika ikinyesha na turubai lina matundu, gunia linapata unyevu, dagaa anaota ukungu, bei inaanguka. Yule mama hakuulizwa kama gari liondoke na difu mbovu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na tajiri aliyekaa sebuleni na simu mkononi ndiye anayeuona mwepesi kuliko wote.

Kuna pia mabadiliko ambayo hatujayafikiria vizuri. Zamani lori la kwenda Sengerema na Geita lilikuwa linasimama Kigongo kusubiri kivuko, na foleni ikiwa ndefu dereva alikuwa na saa za kupoteza. Aliingia chini ya gari, akaona palipolowa, akakaza palipolegea. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe rasmi Juni 19, 2025, maji yale ya kilomita tatu yanavukwa kwa dakika chache. Ni neema kubwa, na sitamani hata kidogo pantoni irudi. Lakini mapumziko ya lazima yameondoka, na safari iliyokuwa moja kwa siku sasa inaweza kuwa mbili. Tajiri anayehesabu safari mbili anatakiwa pia ahesabu kwamba oili, beringi na sili vinachoka mara mbili.

Ziwa nalo

Oili inayodondoka haipotei. Katika gereji zetu sehemu yake hupakwa kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, sehemu humwagwa uani kutuliza vumbi, na iliyobaki inakwenda na mvua. Mwanza ni mji wa miteremko. Mvua ikipiga, maji ya milimani yanapita kwenye gereji na maegesho, yanaingia mitaroni, mengi yanashukia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Ziwa hilohilo ndilo tunalolivuta kwa mabomba kutoka Capri Point na chanzo kipya cha Butimba. Kutoka Ihelele, Misungwi, maji yake yanakwenda Shinyanga na Kahama, na sasa hadi Tabora. Lori la Mwanza linaweza kuvuja Mwanza na dereva wake akanywa maji hayo Nzega.

EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, husema oili chafu inayotoka kwenye gari moja likibadilishwa oili mara moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Tusidanganywe na ukubwa wa ziwa. Lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lakini mto unaotoka ndani yake ni mmoja tu, Naili, pale Jinja. Maji haya hayana haraka ya kwenda popote.

Jiji na Manispaa ya Ilemela wanaweza kufanya jambo la maana bila semina: mapipa ya kukusanyia oili chafu katika kila eneo la gereji, gari la kuyazoa kwa ratiba inayojulikana, na bwana afya anayepita kuuliza yako wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004. Mapipa ndiyo bado.

Kuhusu mkopo

Najua jibu la tajiri, na si jibu la kipuuzi. Gari limenunuliwa kwa mkopo, marejesho ni kila mwezi, ada za shule zinadaiwa Januari, na msimu wa pamba ukifunguliwa kila siku ya gari kulala inauma. Matajiri wengi wa Mwanza wana lori moja au mawili, si makampuni. Mtu wa lori moja akilala, nyumba nzima imelala.

Lakini malori hulala hata sasa. Hulala yakisubiri mzigo, hulala mizani, hulala Jumapili. Swali ni kwa nini siku hizo hazitumiki. Jibu ninalolipata kila nikiuliza ni kwamba hakuna aliyekuwa anafuatilia. Mali bila daftari huisha bila habari. Lori la mamilioni mengi linaendeshwa kwa kumbukumbu za kichwani, na kichwa cha tajiri kimejaa marejesho. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha: tarehe, kilomita, oili ya difu imebadilishwa lini, sili ya pinioni imefungwa lini na fundi yupi, imeongezwa oili kiasi gani njiani. Mstari wa mwisho ndio wenye habari yote. Ukiona oili inaongezwa kila safari, huhitaji kuwa fundi.

Stika ya usalama barabarani haitakusaidia hapa. Inabandikwa kwenye kioo cha mbele, na mambo haya yako nyuma, chini, gizani.

Wanaopakia mizigo nao wana nguvu wasiyoitumia. Mama wa Mwaloni anapima gunia kwa uangalifu, anabishana bei ya usafiri hadi shilingi ya mwisho, kisha anapakia kwenye gari ambalo hajalitazama. Mama, kabla hawajapandisha gunia la kwanza, mwambie kijana wako achungulie chini ya ekseli ya nyuma. Pakiwa na vumbi kavu, pakia. Pakiwa na oili mbichi iliyosambaa hadi kwenye propela, omba gari jingine. Wenye magari kumi wakikosa mzigo kwa sababu hiyo, fundi wa Nyakato atapata kazi siku hiyohiyo.

Mafundi, kwa upande wenu, VETA ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana mtaani na kuutolea cheti. Chukueni. Fundi mwenye cheti na toki renchi anaweza kusema kazi hii ni nusu siku na akaheshimiwa. Na anayeombwa kukata springi aseme hapana, jina analoliharibu ni lake.

Tajiri, wewe ndiye wa mwisho na ndiye wa kwanza. Wiki hii chagua siku, laza gari, nunua sili yenye namba sahihi na oili mpya, na uwepo wakati flenji inatoka. Gharama hiyo iandike kwenye daftari lako. Isikatwe kwenye posho ya dereva.